Kwa nini ndege ya mama ilionekana kwenye tovuti moja ikakosekana kwenye nyingine

*"Mhandisi, salaam. Ninaishi South C hapa Nairobi, ghorofa ya nne, na riziki yangu ni kuwachukua wageni uwanja wa ndege wa JKIA kwa gari langu. Kwa miaka miwili nimekuwa nikilipia tovuti ya Flightradar24 ili nijue ndege ya mteja imefika wapi. Mwezi uliopita mama yangu alisafiri kutoka Lodwar, kaskazini huko Turkana, kuja uwanja wa Wilson hapa jijini. Nilifungua ramani wakati ndege ilipaswa kuwa imesharuka, sikuona kitu. Nilishikwa na hofu. Dakika kama arobaini baadaye ilichomoza karibu na Ziwa Baringo, kana kwamba imezaliwa angani. Tovuti nyingine niliyoifungua haikuionyesha hata kidogo, mpaka mama akanipigia simu kwamba ameshashuka. Jirani ananiambia nimeliwa pesa zangu, kwamba zipo tovuti za watu wanaojitolea ambazo ni za bure na hazifichi kitu. Rafiki mwingine anasema nikiweka antena juu ya paa nitapewa akaunti ya kulipia bila kulipa. Naomba unisaidie: ipi ya kuaminika? Mbona ndege inayopita juu ya nyumba yetu inaandikwa futi 6,600 ilhali naiona karibu kiasi cha kusoma maandishi ubavuni mwake? Na je, nikiweka antena hiyo sitakuwa nawasaidia watu wabaya?"*

Ndugu msomaji, pole kwa hofu ya zile dakika arobaini. Nimezijua hofu za namna hiyo kwa miaka mingi ya kutengeneza vyombo vya elektroniki vya ndege, kwa sababu watu hunionyesha simu zao na kuniuliza ndege imekwenda wapi, nami hulazimika kuanza kwa kuwaambia kwamba ramani waliyoishika mkononi haioni ndege yoyote. Swali lako kubwa ni tovuti ipi ya kuaminika, lakini halitajibika vizuri kabla hatujaelewana kuhusu jambo hilo moja.

Neno "rada" limo kwenye majina ya tovuti hizi, na limewapotosha wengi. Rada hutuma mawimbi, hungoja yagonge ndege na kurudi, kisha hupima. Tovuti unazozifungua hazifanyi hivyo. Ndege yenyewe ndiyo inayojitangaza. Ndani yake mna chombo kiitwacho transponda, na katika ndege nyingi za kisasa chombo hicho hutangaza, kama mara mbili kila sekunde, mahali ndege ilipo kwa mujibu wa setilaiti za GPS, pamoja na kimo chake, mwendo wake, jina la safari na namba ya utambulisho. Mfumo huo huitwa ADS-B, nao hutumia masafa ya megahezi 1090. Kila ndege ina namba yake, na zilizosajiliwa Kenya, zile zenye herufi 5Y mkiani, zimetengewa namba zinazoanza na 04C. Tangazo hilo halina kufuli. Mtu yeyote mwenye antena, kipokezi kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta na programu inayofaa anaweza kulisikia.

Kwa hiyo kinachoitwa ramani ya ndege ni mkusanyiko wa masikio ya watu. Yuko mwalimu mstaafu aliyeweka antena juu ya tangi lake la maji, mwanafunzi aliyeiweka dirishani, hoteli iliyokubali kijisanduku kikae darini. Kila mmoja hutuma anachosikia kupitia intaneti kwa seva, yaani kompyuta kuu ya tovuti, na seva huunganisha. Pasipo na sikio, hata tovuti ya gharama kubwa kuliko zote huwa kiziwi.

Sasa turudi Lodwar. Mawimbi ya megahezi 1090 husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, hayapindi kufuata mviringo wa dunia wala hayapenyi mlima. Ndege kubwa ya kimataifa iliyo futi 35,000 inaweza kusikika na antena iliyo mahali pa wazi kutoka umbali wa karibu kilomita 400. Ndege ya injini mbili za panga, za aina inayofanya safari za ndani, ikiwa futi 20,000 itasikika takriban kilomita 320, tena ikiwa hakuna kizuizi. Kutoka Nairobi hadi Lodwar kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 500. Maana yake ni kwamba ndege ya mama ilipokuwa ikikimbia kwenye uwanja wa Lodwar, hakuna antena ya Nairobi iliyoweza kuisikia hata kwa miujiza, na ya Eldoret nayo ilikuwa na milima ya Cherang'any mbele yake. Kama siku hiyo hapakuwa na kipokezi kilicho hai huko Turkana, au kilikuwapo lakini stima ilipotea au bando liliisha, ndege ingeruka kimya kimya mpaka ifike mahali ambapo masikio ya kusini yangeanza kuidaka. Ziwa Baringo ni mahali panapoeleweka kabisa. Ndege haikuzaliwa pale. Iliingia tu katika usikivu wa mtu.

Tovuti kubwa za biashara zina mbinu ya kuziba mapengo kama hayo: zikishaisikia ndege na kujua inakokwenda, halafu ikatoka nje ya usikivu, huendelea kuichora kwa makisio, pengine kwa saa kadhaa. Ndiyo maana umezoea kuona ndege za ng'ambo zikivuka jangwa la Sahara bila kukatika. Baadhi pia hununua data kutoka setilaiti zinazosikiliza matangazo hayohayo kutoka juu, na kwenye Flightradar24 ndege inayosikika kwa njia hiyo huchorwa kwa rangi ya buluu badala ya njano. Ila ndege ambayo haijasikika hata mara moja tangu iwashe injini haina pa kuanzia kukisiwa. Hilo ndilo lililokupata.

Na mbona tovuti ya pili haikuionyesha kabisa? Hapa sababu zinaweza kuwa zaidi ya moja. Ya kwanza, ambayo ndiyo ya kawaida zaidi, ni kwamba wenye vipokezi hawatumi kwa tovuti zote. Mmoja hutuma kwa Flightradar24 peke yake kwa kuwa ndiyo iliyompa kijisanduku. Mwingine hutuma kwa FlightAware, tovuti nyingine kubwa ya biashara, kwa kuwa alifuata maelekezo yake ya kuunganisha kompyuta ndogo ya Raspberry Pi. Wa tatu hutuma kwa tano kwa mpigo, jambo ambalo kipokezi kimoja hulimudu bila taabu. Ya pili ni kwamba si ndege zote zinazotangaza mahali zilipo. Ndege nyingi ndogo za zamani zina transponda inayosema mimi ni fulani na niko kimo fulani, basi, haisemi niko wapi. Ndege ya namna hiyo hupatikana kwa hesabu, na kwenye ramani utaona imeandikwa MLAT.

Hesabu hiyo inafaa uielewe, kwa sababu ndiyo inayotofautisha tovuti hizi hapa Nairobi kuliko kitu kingine. Ishara husafiri mita 300 kwa kila sehemu moja ya milioni ya sekunde. Ndege ikitoa mlio mmoja, antena ya South C itausikia kabla ya ile ya Ngong, na ile ya Ngong kabla ya ile ya Thika. Seva ikijua kwa usahihi tofauti hizo ndogo za muda, na ikijua kila antena iko wapi hasa, inaweza kukokotoa mahali ndege ilipokuwa. Kwa kawaida huhitajika antena zisizopungua nne zilizousikia mlio uleule. Saa za vipokezi vya bei nafuu hazilingani, hivyo seva huzisawazisha kwa kutumia ndege nyingine zinazotangaza mahali zilipo na ambazo antena hizo zinazisikia kwa pamoja. Kwa maneno mengine, tovuti yenye wachangiaji watatu jijini haitaonyesha ndege ya namna hiyo hata moja, na yenye wanane waliotawanyika vizuri inaweza kuonyesha ndege ndogo ya mafunzo aina ya Cessna ikizunguka juu ya Mbuga ya Nairobi. Ulinganisho wowote wa tovuti uliofanywa na mtu wa Ulaya, ambako antena zimejaa kama miavuli sokoni siku ya mvua, hautakusaidia wewe. Swali la Nairobi ni nani ana masikio Nairobi.

Jirani yako amesema tovuti za watu wanaojitolea hazifichi kitu. Ana sehemu ya ukweli, ila habari aliyokusimulia aliianzia katikati.

Kwanza, karibu zote hulishwa na watu wanaojitolea, hata hiyo unayoilipia. Flightradar24 ilianza mwaka 2006 kama mradi wa wapenzi wawili wa ndege nchini Sweden, na mwaka 2009 ikafungua mlango kwa yeyote mwenye kipokezi kutuma data. FlightAware ilianza mwaka 2005 huko Houston, Marekani, na tangu mwaka 2021 ni mali ya kampuni ya Collins Aerospace. Tofauti iko katika kinachofanywa na data zikishafika. Kampuni za biashara huzioanisha na ratiba za mashirika ya ndege, huongeza picha, historia na taarifa za kuchelewa, kisha huuza. Pia huondoa ndege fulani. Nchini Marekani upo mpango wa mamlaka ya anga, unaojulikana kwa herufi LADD, ambao humruhusu mwenye ndege kuomba isionyeshwe hadharani, na tovuti zinazopokea data za mamlaka hiyo hulazimika kutii. Nje ya mpango huo, mwenye ndege anaweza pia kuiandikia tovuti moja kwa moja na kuomba afichwe.

ADS-B Exchange, iliyoanzishwa mwaka 2016, ilijipatia jina kwa kukataa kuficha. Haikutegemea data za mamlaka, kwa hiyo haikufungwa na masharti yake. Ilionyesha ndege za matajiri, za serikali na za kijeshi ilimradi zimejitangaza zenyewe. Kisha Januari 2023 iliuzwa kwa kampuni iitwayo JETNET, na wachangiaji wengi, ambao walikuwa wameweka antena kwa pesa zao bila kudai senti, walihisi kwamba jasho lao limepigwa mnada. Wengi walichomoa waya, wakahamia kwenye tovuti ndogo kama adsb.fi, adsb.lol na airplanes.live, ambazo nazo hazifichi, na mojawapo, adsb.lol, hutoa data zake kwa leseni huria. Ukizifungua hizi utashangaa jinsi zinavyofanana. Ni kwa sababu nyingi hutumia ramani ileile ya bure, inayoitwa tar1090. Usidhani kwamba umebofya tovuti moja mara tatu.

Kuna pia OpenSky Network, shirika lisilo la faida lenye makao Uswisi, lililotokana na kazi ya watafiti. Hiyo ni ya wanafunzi na wanasayansi wanaotaka kuchambua data za muda mrefu. Plane Finder ya Uingereza na ile iliyokuwa ikiitwa RadarBox, ambayo sasa ni AirNav Radar, ni za biashara, na kwa mahitaji yako sioni sababu ya kuziongeza juu ya unayoijua tayari.

Kwa kazi yako ya kuwachukua wageni, nitakuambia bila kuzunguka: endelea na tovuti ya biashara. Mteja wako hukuambia "naja na KQ", yaani Kenya Airways, na namba fulani, naye anataka umngoje mlangoni. Tovuti ya biashara inajua kwamba safari hiyo ndiyo inayotangazwa angani kwa herufi KQA, inajua ilipaswa kutua saa ngapi, na itakuambia imechelewa kuondoka hata kabla haijasikika. Tovuti za bure zisizoficha hukuonyesha ishara tupu. Njia ya safari zinazoiandika hutolewa kwenye orodha ya majina ya safari, na orodha hiyo huweza kuwa ya msimu uliopita. Nimewahi kuona ndege iliyokuwa ikishuka wazi kuelekea Mombasa ikiandikwa kwamba inakwenda Kisumu. Hakuna aliyedanganya. Orodha tu ilikuwa imechakaa. Ila usilipie zaidi ya unachotumia: kama hufungui historia ya mwaka mzima, daraja la chini au hata la bure linatosha, na FlightAware bila malipo hukupa sehemu kubwa ya taarifa za kuwasili. Kumbuka pia kwamba hakuna ramani inayojua foleni ya uhamiaji wala mkanda wa mizigo.

Kwa ndege za Wilson zinazopita juu ya paa lako, hali inageuka. Hapo tovuti isiyoficha, na hasa yenye wachangiaji wengi mjini, huwa bora. Njia ya kuzilinganisha ni rahisi na haihitaji kumwamini mtu yeyote, hata mimi. Chagua asubuhi moja, saa mbili hadi saa tatu, wakati ndege za watalii zinapotoka Wilson kuelekea Maasai Mara. Kaa kwenye roshani na karatasi. Kila ndege unayoiona kwa macho, andika dakika, kisha tazama ni tovuti gani kati ya tatu ulizozifungua iliyoionyesha. Baada ya saa moja utakuwa na ulinganisho wa South C. Utaona pia kwamba ndege za Mara hukatika ghafla zikishavuka milima ya Ngong, kwa sababu mlima umekaa kati yao na masikio ya mjini. Usishtuke.

Sasa futi 6,600. Kimo kinachotangazwa hakipimwi kutoka paa lako, bali hupimwa kwa mgandamizo wa hewa ukilinganishwa na kipimo cha pamoja cha hektopaskali 1013.25, ambacho kwa makadirio ni usawa wa bahari. Nairobi yetu iko juu. Uwanja wa Wilson uko futi 5,546 juu ya bahari na JKIA futi 5,330. Ndege inayosomeka 6,600 ukiiondolea futi 5,500 za ardhi ya mtaani kwenu inabaki na kama 1,100. Siku ambayo mgandamizo halisi ni hektopaskali 1020, ramani husoma pungufu kwa karibu futi 200, basi ongeza hizo, upate 1,300, yaani mita 400 hivi juu ya kichwa chako. Mtu mwenye macho mazuri husoma herufi za ubavuni kwa umbali huo. Wanaopiga simu kulalamika kwamba rubani "amedanganya kimo" huwa wamesahau kwamba wao wenyewe wanaishi juu ya mlima.

Tukija kwenye antena, rafiki yako hajakudanganya. Flightradar24 humpa mchangiaji akaunti ya daraja la Business, FlightAware humpa ya Enterprise, na Flightradar24 pia hutuma vifaa bila malipo kwa waombaji walio mahali penye usikivu hafifu. Lakini fikiria ulipo. South C ina majirani wenye antena na iko kati ya viwanja viwili. Usitarajie kwamba watakuona wa lazima. Kama una binamu Lodwar mwenye stima ya kuaminika na intaneti ya nyumbani, ombi lake lina uzito kuliko lako, na kipokezi chake kingekuondolea wewe hofu ya dakika arobaini kuliko akaunti yoyote.

Ukiamua kununua mwenyewe, utahitaji kipokezi cha kuchomeka kwenye USB, kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, antena na waya. Antena si uchawi: robo ya urefu wa wimbi hili ni sentimita 6.9 tu, na wapo wanaoanza kwa kipande cha shaba cha urefu huo. Kinachowaangusha watu ni waya. Waya mwembamba mweusi wa redio hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu ya ishara katika mita 10, ilhali waya mnene wa dishi la televisheni, unaouzwa kwa mita pale barabara ya Luthuli mjini, hupoteza kidogo zaidi ya theluthi. Hata hivyo ni afadhali kuweka kipokezi karibu na antena kuliko kununua waya mrefu. Antena yangu ya kwanza ilisikia vizuri miezi mitatu, kisha ikaanza kuwa kiziwi kila baada ya mvua. Nilibadilisha kipokezi, nikabadilisha programu, nikamlaumu mtoa intaneti, mpaka siku nilipofungua kiungio cha waya yakanidondokea maji mkononi, tone baada ya tone, yenye kutu ya kijani. Utepe wa mpira wa shilingi chache ungeniokolea wiki mbili. Jambo jingine ni stima: kuzimika kwa ghafla huharibu kadi ya kumbukumbu, kwa hiyo weka betri ndogo ya kuhimili mkatiko. Na ukiulizwa kimo cha antena, usiandike mita 15 kwa kuwa uko ghorofa ya nne. Soma swali vizuri: mara nyingi hutakiwa kimo juu ya bahari, ambacho kwenu kinazidi mita 1,600. Ukikosea hapo, hesabu ile ya MLAT itavurugika, na seva itakutenga kimya kimya bila kukuambia sababu.

Kabla ya kutuma data, soma masharti ya kila tovuti yanayohusu haki ya kuziuza. Wengi wetu hatukuyasoma kabla ya 2023. Ukikubali kutuma kwa ya biashara ili upate akaunti, na kwa mojawapo ya zile huru ili data zako zibaki wazi, hujavunja ahadi ya yeyote. Omba pia mahali pako hasa pasionyeshwe kwenye ramani ya umma. Tovuti nyingi huruhusu hilo, na seva itaendelea kupajua kwa ajili ya hesabu tu.

Hofu yako kuhusu watu wabaya ni ya mtu mwenye dhamiri, na katika nchi iliyoonja ugaidi si ya kupuuzwa. Matangazo haya yaliwekwa wazi kwa makusudi, ili ndege zisikiane zenyewe na ziepukane, na mtu mwenye nia mbaya anaweza kununua kipokezi chake bila kungoja chako. Ndege za kijeshi zikiwa kazini zinaweza kuzima matangazo hayo, na vyombo vya usalama vinajua fika nini kinasikika. Lakini kuna tofauti kati ya kuchangia ishara na kumwandama mtu. Ukiona ndege ya kiongozi au ya mgonjwa anayekimbizwa hospitalini, sioni faida ya kuipiga picha kwenye skrini na kuisambaza kwenye vikundi vya WhatsApp. Kuhusu sheria, mtu wa kuamua si mimi: kabla ya kufunga antena ya kudumu, uliza Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya kuhusu vifaa vya kupokea redio, na kwa kuwa uko jirani na Wilson, chochote kitakachoinuka juu ya paa kiulizie kwanza Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, ambayo ndiyo inayodhibiti urefu wa majengo na milingoti karibu na viwanja. Mwenye nyumba naye aombwe ruhusa kwa maandishi, na kupanda paani na kuunganisha kinga ya radi mwachie fundi umeme mwenye leseni.

Limebaki lile la mama, nami nitalisema taratibu. Ndege ikitoweka kwenye ramani, sababu ya kwanza, ya pili na ya tatu ni usikivu. Wakenya tuna kumbukumbu nzito: tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopia iliyotoka Addis Ababa kuja hapa Nairobi ilianguka karibu na Bishoftu dakika sita baada ya kuruka, na kati ya watu 157 waliofariki 32 walikuwa wenzetu. Siku ileile ramani hizi zilionyesha ishara chache za mwanzo, zenye kasi ya kupanda isiyotulia, na watu wakajifunza kuogopa mstari uliokatika. Lakini hata ishara zile hazikueleza chanzo. Kilielezwa baadaye na visanduku vya kurekodi na wachunguzi. Mama akisafiri tena, mpigie simu wakala wa shirika aliye uwanjani Lodwar umuulize ndege imeondoka saa ngapi. Yeye ameiona kwa macho. Muda wa safari ukipita na ziada ya nusu saa bila habari, nenda mwenyewe kwenye kaunta ya shirika hilo pale Wilson, ni mwendo mfupi kutoka kwenu, na uulize ana kwa ana. Ramani iache wazi kwenye simu ukitaka. Kutoka Ziwa Baringo itakuwa imebakisha takriban nusu saa, muda wa kutosha kuondoa gari na kumkuta mama akishusha mzigo wake.